Nyusi Hazisikiki Redioni

Haya nilisimuliwa na Bolette, jirani yangu, majira ya giza yaliyopita, miezi ile jua lisipochomoza kwetu, tulipokuwa tumeketi kwake tukishona viatu vya ngozi. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliyasikia redioni kama tulivyosikia sote, na yale ya melini aliambiwa na Tukummeq mwenyewe, ambaye hajui kuficha jambo. Alisimulia taratibu, akinyamaza kila sindano ilipogoma kupita, nami sikumharakisha. Habari za mapenzi ni kama ngozi ya sili mbichi. Ukizivuta kwa pupa zinapasuka.

Mama yake Bolette naye aliitwa Tukummeq. Alipofariki, majira yaleyale alizaliwa mtoto wa kike nyumba ya karibu na pwani, akapewa jina la marehemu. Kwetu jina haliji tupu, linakuja na mwenyewe. Basi Bolette, mwanamke mzima mwenye mtoto wake mgongoni, akawa anakwenda kumjulia hali yule kichanga. "Umeamkaje, mama?" Alikuwa akimpelekea kipande kinono cha ngozi ya nyangumi, maana mama yake alikipenda, ingawa mama huyu mpya hakuwa na jino hata moja la kukitafunia.

Yule mtoto wa mgongoni ni Qillaq. Alikua akimwita yule binti bibi, na utani wao haukuwa na mwisho.

"Bibi, nigawie peremende."

"Mjukuu gani huyu, kamasi mpaka kidevuni. Futa kwanza."

Ikawa hivyo mpaka kiangazi kimoja Qillaq alirudi kutoka kuwinda, akamkuta amesimama pwani upepo ukimpeperusha nywele, akafungua mdomo amwite bibi kama kawaida, neno likamkwama. Mnajua neno bibi lina milango miwili. Kijana alikuwa amejikuta kwenye ule wa pili.

Siku ninayoisema, meli nyeupe ilikuwa imetia nanga mbele ya mji. Ni ile inayoleta wageni kila kiangazi kutazama barafu, dubu na nyangumi wenye pembe. Tukummeq alikuwa na kazi humo. Husimama juu na darubini na bunduki, awaone dubu kabla wageni hawajawaona, na kabla dubu hawajawaona wageni. Hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya kiangazi. Kutoka kwetu meli ingekwenda kusini kabisa, kwenye barafu ya upande wa pili wa dunia, na kapteni alitaka kwenda naye. Alikuwa amemwambia, nipe jibu kabla hatujatoka kwenye ghuba.

Asubuhi Tukummeq alifika kwa Bolette, akaingia bila hodi kama tunavyoingia sote, akavua buti mlangoni.

"Mama umekuja," Bolette alisema, akimmiminia kahawa. "Kula ngozi hiyo, ya jana tu. Umekonda. Huko melini wanakulisha majani."

"Wananilisha saladi, mwanangu."

"Si ndiyo hayo majani."

Qillaq alikaa dirishani akinoa kisu ambacho hakikuwa na haja ya kunolewa. "Bibi, wageni wako wameona nini safari hii?"

"Dubu na mtoto wake juu ya kipande cha barafu. Na bwana mmoja kaona jiwe, akalipiga picha mpaka betri ikamwishia. Alidhani dubu kalala."

"Hukumwambia?"

"Alikuwa na furaha sana. Nani amwibie mtu mzima furaha yake?"

Qillaq akacheka, naye akacheka, na macho yao yakakutana juu ya birika. Yakakaa hapo. Bolette aliona. Aliniambia kwamba kahawa iliyofurika kikombeni ndiyo iliyomzindua.

"Qillaq, kawalishe mbwa."

"Wamekula, mama."

"Basi kawatazame walivyoshiba."

Kijana akatoka. Bolette akafuta meza, akaifuta tena mahali palepale.

"Mama, nina neno."

"Lisemwe."

"Mwanangu anakutazama vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kiume."

"Nimeona," Tukummeq alisema.

"Na wewe je, unamtaka?"

Tukummeq alipandisha nyusi tu. Kwetu mtu akikubali hupandisha nyusi, akikataa hukunja pua, na mdomo tunauachia chakula. Bolette aliziona nyusi zile, akashusha pumzi.

"Mimi sikukatai wewe. Nani anamkataa mama yake? Lakini mwanangu atamwoaje mama yangu? Mkipata mtoto nimwite nani, mjukuu au mdogo wangu?"

"Utamwita atakavyoitikia."

"Usinifanyie mzaha. Nikikuita mkwe, nitakutuma barafu ya kuyeyusha tupate maji. Nitasema nyama hukuiivisha. Utanijibu. Wakwe hugombania sufuria, mama, hata wawe wema namna gani, na mimi na mama yangu hatukugombana hata siku moja." Akaifuta meza tena. "Nilishakupoteza mara moja. Sitaki kukupoteza tena jikoni. Bora uende huko kusini. Ukirudi utakuta Qillaq ameoa kwingine, na wewe utabaki kuwa mama yangu."

Tukummeq alimaliza kahawa yake mpaka machicha. Akamshika Bolette shavuni, akavaa buti, akatoka.

Pwani Qillaq alikuwa anamngojea kando ya boti lake, amejifanya anafungua fundo la kamba.

"Kwa hiyo unakwenda huko kusini?" aliuliza.

"Sijasema."

"Kuna dubu huko?"

"Hakuna. Kuna ndege wasioruka."

"Sasa utalinda nini?"

"Wageni. Wasianguke majini."

"Wakianguka waanguke. Wana pesa za kukaukia."

Tukummeq alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. Qillaq akaacha lile fundo. Upepo ulikuwa wa baridi lakini masikio yake yalikuwa mekundu kwa joto la ndani. Alimtazama usoni, akalitamka jina lake bila bibi mbele yake, mara ya kwanza tangu wazaliwe.

"Tukummeq."

"Naam."

Alisubiri. Mbwa walinyamaza. Hata mawimbi, kwa alivyosimulia yule binti, yalikuwa kama yamekaa kitako. Qillaq alifungua mdomo, akaufunga, akatazama nyumba yao kule juu, na dirishani akamwona mama yake.

"Vaa kofia," alisema. "Kuna upepo."

Tukummeq akavaa kofia. Boti la mpira la meli likaja likamchukua.

Meli iliondoka polepole, maana ghuba ilikuwa imejaa vipande vya barafu, vingine vidogo kama meza, vingine vikubwa kama kanisa. Ilipokaribia mdomo wa ghuba kapteni alizima mashine. Nyangumi wenye pembe walikuwa wametokea kwenye maji ya wazi, kundi zima, wanapumua na kuzama, na zile pembe zao ndefu zikichomoza majini kama watu wanaochokoza mbingu. Wageni walijipanga kwenye vyuma vya kando, wakinong'ona kama wako ibadani. Kapteni Halvard alitangaza kwamba meli itakaa hapo mpaka nyangumi waondoke, kisha safari ni moja kwa moja, hakuna kugeuka.

Tukummeq alikuwa juu na darubini yake, na kando yake mgeni mmoja mzee aliyependa kusimama naye, Bi Hedwig, mjane wa Kijerumani. Redio ya upepo ilikuwa kifuani mwa Tukummeq. Kila nyumba kwetu ina redio kama hiyo, ya kubonyeza na kusema, tuwasikie wawindaji wetu, na anachosema mmoja wanasikia wote. Qillaq alilijua hilo. Lakini kilichomshinda usoni kwa binti, alidhani angekiweza akiwa hamuoni.

"Tukummeq," redio ilisema. "Mimi Qillaq. Niko majini, chini ya mji." Ikakwaruza. "Pwani nilitaka kusema jambo, nikasema kofia. Sasa nasema lenyewe. Usiende. Baki, uwe wangu, tukae pamoja. Leo nauliza, na mji mzima unanisikia. Usipojibu sitauliza tena, nitakwenda ndani ya ghuba kuwinda mpaka bahari igande. Utabaki?"

Moyo wa Tukummeq ulipaa. Alisahau nyangumi, alisahau dubu, alisahau kusini. Alitazama upande wa mji, ambako boti halikuonekana hata kwa darubini, akajibu kwa roho yake yote.

Alipandisha nyusi.

Akazipandisha tena, juu zaidi, akitabasamu kama mwehu, machozi yakimtiririka. Alikuwa amekubali. Akangoja Qillaq afurahi.

Redio ikawa kimya. Halafu ikasema, kwa sauti ndogo, "Haya. Nimesikia." Ikalia tak, ikazimika.

"Mbona hukumjibu yule kijana?" Bi Hedwig aliuliza.

"Nani hakumjibu? Nimemjibu."

"Mimi nimesimama hapa. Sijasikia neno."

"Nimemjibu kwa..." Mkono wa Tukummeq ulipanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso wake, ukazigusa nyusi. Alizishika hapo kama mtu aliyekumbuka amesahau mtoto sokoni.

Alikamata redio. "Qillaq, Qillaq. Nimekubali. Nilikubali palepale, nilikujibu kwa nyusi. Qillaq, niitikie."

Aliyeitikia ni mzee Ussarqak, mwindaji wa nyumba ya juu, ambaye hajawahi kuacha redio ipite bila kuweka neno. "Nyusi hazisikiki redioni, binti."

Nyumba zote zilicheka. Hata mimi nilicheka, na sufuria yangu ikaungua.

"Mzee wangu, acha mzaha. Yuko wapi?"

"Kazima. Naona boti lake linarudi pwani kuchukua hema. Mimi miguu yangu mnaijua, nikimfuata atakuwa ameshazeeka. Wa karibu ni mama yake."

Hapo kicheko kikakatika. Wote tulijua Bolette yuko ndani, na redio yake haizimwi. Wote tulijua pia alichokitaka, maana mji wetu ni mdogo.

Bolette aliniambia kwamba aliposikia ule ukimya wa kwanza alipumua, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaona mzigo wenyewe ulikuwa mwanawe. Sasa alikuwa ameketi, kisu mkononi, nyama mbele yake, na hakuna aliyemlazimisha kuinuka. Angekaa tu hapo alipo. Nyangumi wangeondoka, meli ingeondoka, Qillaq angeondoka, na yeye angebaki na mama yake kama alivyomtaka, mbali, asiyegombana naye.

"Bolette," redio ilisema.

Hakubonyeza.

"Bolette, mwanangu. Najua unanisikia. Nifikishie neno langu kwa Qillaq, mimi siwezi kufika." Mji mzima ulikuwa umeshika vikombe hewani. "Na yale uliyoniambia asubuhi sikuyajibu, nayajibu sasa. Tutagombania sufuria. Hilo halina dawa. Lakini nitakuachia. Mama huwaachia watoto wake."

Bolette aliitazama ile redio kwa muda mrefu. Mwisho akabonyeza.

"Hata ile kubwa?"

"Hata ile kubwa."

"Na mfuniko wake?"

"Bolette, nyangumi wanaondoka."

Alitoka mbio, mguu mmoja kwenye buti lake, mwingine kwenye la Qillaq. Alimkuta anapakia hema, uso umemnywea.

"Mama, usiseme kitu," Qillaq alisema bila kugeuka. "Nimesikia alivyonyamaza."

"Amejibu."

Akageuka. "Amejibu nini?"

Bolette, akihema, akapandisha nyusi.

"Nakuuliza, mama, amejibu nini?"

Bolette akazipandisha mpaka ngozi ya kichwa ikauma.

"Mama, una nini usoni? Umeumwa na mbu?"

"Ndiyo, zuzu we. Ndiyo. Amekujibu kwa nyusi, nawe unazima redio. Sogea, naingia."

"Uende wapi?"

"Barafu ile huipiti peke yako na kichwa hicho ulicho nacho leo."

Wakaenda. Qillaq alishika mashine, Bolette alisimama mbele na mti mrefu, akisukuma vipande vya barafu huku na huku, akivikemea kama mbwa. Mlango wa maji ulifunguka mbele yao na kujifunga nyuma yao. Mara mbili barafu iliwabana mpaka mbao zikalia, na mara zote mbili Qillaq alishuka juu ya kipande, akalivuta boti, akarudi ndani ameloa magoti.

"Pole pole, mwanangu," Bolette alisema.

"Nyangumi hawaendi pole pole, mama."

Melini Tukummeq alikuwa amepanda kwa kapteni. "Kapteni, sitakwenda kusini."

"Najua," Halvard alisema. "Leo umesimama unatazama nyuma ya meli. Dubu wako mbele." Akachungulia majini. Kundi lilikuwa limeanza kuelekea bahari kuu, mgongo mmoja baada ya mwingine. "Yule wa mwisho, mwenye madoa, bado namwona. Wewe unamwona?"

Tukummeq, ambaye macho yake huona dubu kabla ya dubu kujiona, alitazama. Maji yalikuwa matupu.

"Namwona, kapteni."

"Basi bado hawajaondoka."

Boti la Qillaq lilipotokea nyuma ya mlima wa barafu, Bi Hedwig ndiye aliyeliona kwanza, akaanza kupiga makofi peke yake, na wageni wengine wakamwambia anyamaze, atawafukuza nyangumi.

Qillaq aliliegesha chini ya ngazi. Akainua uso. Alikuwa ameloa, amechubuka mkono, na hakuwa na maneno mengi yaliyobaki.

"Unabaki?" aliuliza.

Tukummeq alisimama ngazini na mfuko wake begani. Alipandisha nyusi.

"Sasa naziona," Qillaq alisema.

"Zilikuwa hapa tangu mwanzo."

"Nilikuwa mbali."

"Basi usiwe mbali tena."

Walitazamana, na hakuna aliyekuwa na haraka. Bolette aliangalia pembeni, akahesabu ndege, akachoka, akageuka. "Mama, shuka. Nipe mkono. Ngazi ina barafu, na huyu mwanangu atakutazama mpaka uanguke."

Meli iliwapigia honi mara moja, ikageukia bahari kuu.

Nyumbani kwa Bolette watu walijaa. Viatu mlangoni vilikuwa rundo, kahawa ilipikwa na kupikwa tena, mzee Ussarqak alirudia maneno yake ya redioni kwa kila aliyeingia, hata kwa waliokuwepo alipoyasema. Bolette aliahidi kufukua wale ndege aliowachachisha kwenye ngozi ya sili chini ya mawe, wale wa karamu, siku ya harusi. Jua lilikuwa linazunguka mji bila kuzama, kama kawaida yake ya kiangazi, na ni uchovu tu uliowaambia watu waende kwao.

Walipobaki watatu, Qillaq alikuwa ameshalala amekaa, kikombe mkononi. Tukummeq alimtoa kikombe, akamvua buti, akamlaza kwenye ngozi, akambusu pale pua inapokutana na shavu. Hakuamka. Jikoni Bolette alikuwa anasugua sufuria kubwa.

"Acha hiyo, nitaosha mimi," Tukummeq alisema.

"Si uliniachia?"

"Nilikuachia kuwa nayo. Sikusema kuiosha."

"Unaona, tumeshaanza."

"Tumeanza, na nani amekufa? Njoo ulale."

"Sina usingizi, mama. Jua limejaa ndani."

Tukummeq akatundika blanketi dirishani. Chumba kikawa na giza dogo la kutengenezwa. Akamlaza Bolette kwenye benchi, akamfunika, akaikunja ncha ya blanketi chini ya nyayo zake, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto. Hakuna aliyemfundisha hilo. Bolette alinitazama aliponieleza, akaacha kushona.

"Hakuna aliyenifunika miguu tangu tumzike," alisema.

Tukummeq aliketi miguuni pake, akaegemea ukuta. "Lala, mwanangu. Nipo."

Muda si muda kichwa kikamlalia begani, yeye mwenyewe akalala kabla ya Bolette. Bolette alikaa macho kidogo akiwasikiliza, pumzi ya mwanawe huku, pumzi ya mama yake huku, na barafu ikivunjika mbali ghubani. Alitaka kuinuka akamfunike. Alifikiri atainuka baada ya kufumba macho kidogo tu.

Nilimuuliza nini kilifuata. Alisema hajui, alikuwa amelala.